Sikukataa, Nilisahau

Mimi ni mchongaji wa vinyago. Ninafanya kazi katika banda la mabati upande wa Majengo, tukiwa wanaume kumi na wawili juu ya vigoda, kila mmoja na tezo yake na gogo lake, tukichonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii. Ni kazi ya mtu anayeweza kukaa kitako tangu asubuhi hadi jioni bila kuinua macho. Nimeifanya tangu ujana, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kutulia ni jambo la kuamua tu. Anayetaka kutulia anatulia. Asiyetulia hataki. Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo namwelekezea yule mtu niliyekuwa wakati nilipoamini hivyo.

Tunaishi Njiru, katika ploti ya familia nane yenye uwanja wa saruji katikati na tangi moja la maji la wote. Mke wangu ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Mungu ametupa mtoto mmoja, msichana, naye amepewa jina la mama yangu. Kwa hiyo, kwa desturi yetu ya Ukambani, simwiti kwa jina lake. Namwita Mwaitu, yaani mama.

Alipokuwa na miaka mitatu aliufuata mkokoteni wa punda wa muuza maji hadi Barabara ya Kangundo, akarudishwa na kijana wa bodaboda aliyemkuta anampungia punda mkono kando ya malori. Alipofika miaka sita alifungua bomba la tangi ili aoshe viatu vya jirani, wema wake mwenyewe, kisha akasikia mbwa analia nje akaenda kutazama. Ploti nzima ikakosa maji siku mbili. Nikimtuma chumvi dukani, alirudi na habari za paka aliyezaa nyuma ya duka, bila chumvi. Alizungumza huku akiruka. Alikula amesimama. Sweta za shule alizipoteza mpaka mke wangu akaanza kumshonea jina ndani na nje, na bado zilipotea.

Majirani walimwita mtundu, kisha kiherehere, kisha wakaacha kumwita chochote wakawa wananiangalia mimi tu. Mama mmoja wa kanisani alimpaka mafuta kichwani mbele ya watu akaliamuru pepo litoke. Binti yangu alicheka kwa sababu mafuta yalikuwa yanamtekenya shingoni. Kicheko hicho kikahesabiwa kuwa ushahidi. Nilikuwa pale, nimesimama na kofia mkononi, nikasema amina.

Shule yake ilikuwa jengo la mabati si mbali na kwetu, na katika gredi ya tatu walikuwa watoto sitini na wawili katika chumba kimoja. Mwalimu wa darasa alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu sana, tuliyemwita Madam. Mwanzoni mwa mwaka, siku ya mkutano wa wazazi, alituita kando mimi na mke wangu akatueleza kwamba mtoto wetu hakai, hamalizi kazi, anajibu kabla hajaulizwa na anawavuruga wenzake. Nilimsikiliza kwa aibu. Kisha nikasema maneno ambayo baba yangu aliwahi kumwambia mwalimu wangu, nikayasema kwa kicheko, jinsi wazazi wengi wa kwetu wanavyoyasema.

"Madam, huyo ni wako. Mnyooshe. Mimi nirudishie mifupa tu."

Madam alicheka. Mke wangu hakucheka. Tulipokuwa tunarudi nyumbani aliniambia nisithubutu tena kusema maneno hayo juu ya mtoto wake. Aliniambia kwamba mtoto huyu hana ukaidi, ana shida fulani tusiyoijua, na kwamba amekuwa akimchunguza. Nikamjibu kwamba shida yake ni mama anayemdekeza.

Kabla muhula wa kwanza haujaisha, Madam alituma picha katika kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa. Ilikuwa picha ya ukurasa wa daftari la binti yangu: hesabu tatu, kisha mchoro wa kuku mwenye miguu mingi, kisha nafasi tupu hadi chini. Jina lake lilikuwa pale juu, halikufichwa. Madam aliandika kwamba hiyo ndiyo kazi ya wiki nzima, akaomba wazazi tusaidiane. Zikaanza kumiminika zile sura ndogo za manjano zinazocheka hadi machozi. Mzazi mmoja aliandika kwamba shule imepata mhandisi wa kuku. Mwingine akauliza kama huyo anatahiniwa hesabu au mifugo. Niliisoma nikiwa kwenye banda, simu juu ya goti, vumbi la mbao kwenye kioo. Ningeweza kuandika neno moja tu, kwamba huyo ni mtoto wangu, acheni. Sikuandika. Nilifungasha vifaa vyangu mapema nikaenda nyumbani kumchapa.

Nilimpiga kwa mkanda. Hakukimbia. Alikuwa na kawaida ya kuzungumza hata akipigwa, kana kwamba tukielezana vizuri jambo litaisha, na siku hiyo aliniambia, "Baba, sikukataa. Nilisahau." Nikamuuliza mtu anasahau vipi kitu kilicho mbele ya macho yake. Akafikiria kweli swali hilo, nikiwa nimeinua mkono, akasema hajui. Nikaendelea kumpiga kwa kutojua. Mke wangu alirudi kutoka kazini akaingia katikati yetu, na pigo la mwisho likamwangukia yeye begani. Alimchukua mtoto wakaenda chumbani wakajifungia.

Muhula wa pili, Jumatano moja, nilichelewa kwenda kazini kwa sababu nilikuwa na gogo la kufuata Ruai. Nikiwa mlangoni niliona chombo cha chakula cha Mwaitu juu ya meza, amekisahau. Nikaona nikipitishe shuleni. Bawabu alinijua akaniacha niingie. Mlango wa darasa ulikuwa wazi.

Binti yangu alikuwa nyuma kabisa, peke yake, kwenye kiti kilichosukumwa hadi ukutani. Sweta yake ilikuwa imezungushwa tumboni mwake, na mikono ya sweta imefungwa fundo nyuma ya kiti. Miguu yake ilikuwa inabembea. Watoto wengine walikuwa wanaandika. Aliponiona akatabasamu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Baba, umeniletea chakula."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hilo la tabasamu ndilo linalonichoma zaidi. Angekuwa analia ningejua kwamba ni jambo la siku hiyo. Hakuwa analia. Alikuwa amezoea.

Nilipita katikati ya madawati nikapiga goti nyuma ya kiti chake kufungua lile fundo. Lilikuwa limekazwa vizuri, na mikono yangu, ambayo huweza kuchonga sikio la swala dogo kuliko kidole, ilishindwa kulifungua. Mwishowe nilimchomoa mtoto kwa juu, fundo likabaki palepale. Msichana aliyekuwa dawati la mbele yake aligeuka akaninong'oneza, kama mtu anayesaidia, kwamba huwa anafungwa asubuhi na kufunguliwa wakati wa mapumziko, kisha anafungwa tena. Madam alisema, "Baba, tafadhali, tuzungumzie ofisini."

Ofisini, mwalimu mkuu alinikaribisha kiti. Nilikataa kukaa. Nilimbeba mtoto, mtoto wa miaka minane, miguu ikining'inia hadi magotini mwangu, na nikaanza kupiga kelele. Sikumbuki yote niliyosema. Nakumbuka bawabu alikuja akasimama mlangoni. Mwalimu mkuu alingoja nikaishiwa pumzi, kisha akaeleza kwamba mtoto huyo amewahi kupanda dirishani darasani, kwamba mwalimu mmoja hawezi kumkimbiza mtoto mmoja akawaacha sitini na mmoja, na kwamba lengo lilikuwa usalama wake. Madam alikuwa amesimama kando ya kabati, mikono imefumbatwa. Hakuonekana mtu mwenye hatia. Alionekana mtu aliyechoka.

"Wewe mwenyewe uliniambia nimnyooshe, nikurudishie mifupa," aliniambia. "Mimi hata sijawahi kumchapa."

Ningetamani kuandika kwamba nilimjibu jambo la maana, lakini nilisimama tu pale na mtoto mikononi, mdomo wazi. Mwalimu mkuu alitumia nafasi hiyo kusema kwamba huenda binti yetu angefaa zaidi shule ya watoto maalum. Nikatoka.

Tulitembea hadi nyumbani. Alinishika kidole akanisimulia habari za siafu walioingia darasani juzi, wamejipanga mstari hadi chini ya meza ya Madam, na jinsi alivyotaka kuwafuata aone wanakotoka. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anafungwa. Alisema alidhani najua.

Mke wangu aliomba ruhusa akaja nyumbani mchana huo. Nilimsimulia huku nikitembea huku na huku sebuleni, nikitishia kwenda polisi, nikitishia kurudi na kuvunja lile dirisha na lile kabati. Alikuwa amekaa kwenye kiti na mtoto amelala mapajani mwake. Aliniacha nikamaliza.

"Umekasirika," alisema polepole, "kwa sababu Madam amefanya huko unachofanya wewe hapa. Na yeye hata hakutumia mkanda."

Nilitoka nikaenda kusimama kando ya tangi. Jirani mmoja kijana alipita akanisalimia, "Niaje, mzee," nikaitikia kwa kichwa. Nilitaka kumchukia mke wangu kwa maneno yale. Nilijaribu kwa bidii. Niliporudi ndani alinionyesha daftari lenye jalada la buluu. Kwa mwaka mzima alikuwa ameandika humo mambo ya mtoto: siku aliyovaa viatu vya miguu tofauti, wakati anapotulia na anapochafukwa, maelekezo aliyoweza kuyafuata na aliyopoteza katikati. Alikuwa amezungumza na muuguzi mmoja aliyemwambia kuna kliniki ya watoto katika hospitali ya umma inayoshughulikia mambo kama hayo. Hakuwa ameniambia kwa sababu alijua ningesema anamdekeza.

Tulikwenda juma lililofuata. Tulikaa kwenye benchi muda mrefu, na Mwaitu akasoma mabango yote ya ukutani kwa sauti, akajua majina ya watoto wote waliokuwa wanangoja, akalala chini ya benchi, akatoka, akalala tena. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuketi sakafuni akazungumza na mtoto, si na sisi. Hakutupa jibu siku ile. Alipima masikio na macho, akatupa fomu tujaze, fomu nyingine ya mwalimu, akasoma daftari la mke wangu ukurasa kwa ukurasa. Tulirudi mara tatu. Mara ya tatu ndipo alipotaja zile herufi nne, ADHD, akatueleza kwa Kiswahili kwamba ni hali ya ubongo, mtoto huzaliwa nayo, humfanya ashindwe kuutuliza mwili wake na kuyashikilia mawazo yake jinsi wenzake wanavyoweza. Alisema si pepo, si kula sukari nyingi, na si malezi mabaya.

Nilikuwa na hoja yangu niliyoitunza kwa miaka. Nilimwambia kwamba mtoto huyu akipewa redio iliyoharibika anaweza kukaa nayo saa nzima akiifungua vipande vipande. Asiyeweza kutulia anawezaje hapo?

"Hapo si yeye anayeamua, baba," daktari alisema. "Kitu kikimvutia sana kinamshika hata haisikii sauti yako. Kisipomvutia, hawezi kujilazimisha jinsi wewe unavyojilazimisha. Akikwambia amesahau, amesahau."

Kisha akauliza tunamwadhibu vipi. Mke wangu alitazama dirishani. Nikasema mimi humchapa. Akauliza kwa muda gani. Nikasema miaka minne hivi. Akauliza nimeona mabadiliko gani. Nilifikiria nikasema kwamba siku hizi ananiogopa. Daktari hakunikemea. Alisema tu kwamba mtoto mwenye hofu husahau zaidi, akaandika kitu kwenye faili.

Ningependelea anikemee. Nilitoka pale nikiwa na hasira ya namna ambayo sikuwa naijua, isiyo na mtu mmoja wa kumwendea. Kumbe lilikuwa jambo lenye jina. Walimu wa chekechea walimwona miaka miwili, wakaandika kwenye ripoti kwamba anapenda kucheza. Mchungaji alimwona. Muuguzi wa chanjo alimwona. Mimi nililala chumba kinachopakana na chake. Kati yetu sote ni mama yake peke yake aliyechukua kalamu akaandika alichokiona, na yeye ndiye niliyekuwa namwambia anamharibu mtoto.

Nilipeleka barua ya daktari shuleni. Ilieleza mambo madogo: aketishwe mbele, apewe kazi vipande vipande, aruhusiwe kusimama na kutembea mara kwa mara. Mwalimu mkuu aliisoma akaiweka chini ya mafaili akasema shule haiwezi kuwa na utaratibu wa mtoto mmoja. Nikamwomba basi niketi darasani asubuhi moja nione. Nadhani alikubali akiamini nitachoka.

Nilikaa nyuma kwenye kiti cha mtoto. Ukuta uliotutenga na gredi ya nne ulikuwa ubao mwembamba, na ng'ambo yake watoto walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha. Nje kulikuwa na mashine ya kusaga unga. Mabati yalipopata jua chumba kikawa tanuri. Madam hakuketi hata mara moja. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabla ya saa nne, na wakati wa mapumziko alibaki pale akisahihisha rundo la madaftari bila kunywa chai. Baada ya saa moja mimi mwenyewe, mzee wa kukaa kitako, sikujua tena kilichoandikwa ubaoni. Nilimhurumia. Nilijiuliza ni nani anayekusanya watoto sitini na wawili katika chumba kama hicho akakiita darasa, na kwa nini sisi wazazi tunakubali na kushukuru.

Kisha Mwaitu akainuka kitini. Alikuwa hajafungwa, kwa kuwa nilikuwapo. Madam aliitazama tu ile sweta iliyokuwa mezani, na binti yangu akaketi mwenyewe, akapeleka mikono yake nyuma ya kiti, akaishikanisha. Huruma yangu iliishia hapo.

Tulimtoa shule hiyo mwisho wa muhula. Niliandika malalamiko, nikaambiwa baadaye kwamba mwalimu amepewa onyo. Sijui kama alipewa. Tulimpeleka shule ya umma iliyo mbali kidogo, ambako madarasa yamejaa vilevile na kuta zinapitisha kelele vilevile. Lakini mwalimu aliyempata, kijana mmoja mrefu asiye na maneno mengi, aliisoma barua ya daktari akiwa amesimama getini, akasema sawa. Alimkalisha mbele. Akampa kazi ya kugawa madaftari na kufuta ubao, ili awe na sababu ya kuinuka. Akampa hesabu tano badala ya kumi, akimaliza anampa tano nyingine. Hakikuhitajika chumba kipya wala kifaa chochote. Siku niliyoelewa hilo nilikasirika upya, kuliko siku ya sweta.

Nyumbani tulianza kujifunza kama watu wanaojifunza lugha. Neno moja kwa wakati mmoja. Zamani nilikuwa nasema, vaa viatu, chukua begi, zima taa, funga mlango, yote kwa pumzi moja, kisha namchapa kwa kukumbuka lile la kwanza tu. Sasa ilinibidi nimwendee, nimguse bega, ningoje anitazame, niseme vaa viatu, na yeye arudie. Nilichora picha nikazibandika mlangoni: sweta, viatu, chombo cha chakula, begi. Zilifanya kazi siku tisa. Siku ya kumi akazipita kama ukuta mtupu, nami nikadhani tumeshindwa, mpaka daktari alipotuambia tuzibadilishe kila zinapozoeleka. Nimechora viatu vya kila aina duniani.

Baada ya miezi kadhaa daktari alimwanzishia dawa, kidonge kimoja asubuhi, akitufuatilia kwa karibu. Hamu ya chakula cha mchana ilipungua, tukawa tunamlisha vizuri kabla ya kumeza na tena jioni. Ilimsaidia. Haikumgeuza mtoto mwingine. Majirani walipojua, waliulizana kama tunamlevya ili atuachie nafasi. Watu walewale waliotaka achapwe hadi anyooke waliingiwa na huruma ghafla walipoona kidonge.

Mimi sikubadilika siku moja, na sitaki mtu asome haya akadhani nilibadilika. Asubuhi moja nilikuwa nimechelewa, kiatu kimoja hakionekani, nikainua mkono. Sikuushusha juu yake. Lakini alifumba macho akainamisha kichwa akangoja, na nikaona jinsi mwili wake unavyoufahamu mkono wangu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Jumamosi iliyofuata nilimketisha nimwombe msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa siku tatu nikichonga. Nilimwambia kwamba nilimpiga kwa makosa ambayo hayakuwa makosa, na kwamba nilikuwa nimekosea mimi. Alinisikiliza labda nusu. Kisha akaniuliza kama naye atakuwa ananichapa nikisahau kitu. Nikasema hapana, hakuna atakayemchapa mwenzake. Akasema sawa, akakimbilia uwanjani ambako wenzake walikuwa wanaruka kamba. Nilibaki na nusu ya hotuba yangu.

Mwaka huu kaka yangu mkubwa alitutembelea Jumapili moja. Ni yeye aliyenifundisha kushika tezo baada ya baba yetu kufa, na nimemheshimu maisha yangu yote kama baba. Mwaitu alimfurahia mno. Alikuja mbio kumwonyesha taa aliyoiunda kwa betri na waya, akaigonga chupa ya chai, na chai ikamwagika kwenye suruali ya kaka. Kaka akainuka akamzaba kofi la shavu. Akasema, akinitazama mimi, kwamba mtoto huyu hajafunzwa.

Mke wangu alimvuta mtoto. Mimi nilisimama. Sauti yangu ilitoka chini kuliko nilivyotarajia.

"Kaka, usimguse tena."

Alicheka kidogo akaniuliza kama mimi sikuchapwa, na kama sikuwa mtu.

"Nilikuwa mtu anayempiga mtoto wake kwa mkanda," nilimwambia. "Hicho ndicho nilichokuwa. Chukua kofia yako, kaka, nikusindikize."

Alidhani natania. Nilimpa kofia. Nilimsindikiza hadi barabarani kama inavyotakiwa, akapanda gari akaenda bila kuniaga. Mama yetu alinipigia simu kesho yake akanitaka nimwombe kaka radhi. Nilimwambia kwa heshima kwamba sitamwomba, na kwamba akitaka kunikasirikia nitamwelewa. Hajafurahi hadi leo.

Mwaitu, yeye, jioni ya Jumapili hiyo alikuwa na wasiwasi mmoja tu, kama chai ilimchoma baba mkubwa mguu. Aliniuliza mara nne. Mwisho nikampigia kaka, nikamkabidhi mtoto simu bila mimi kusema neno. Alimuuliza kuhusu mguu, akamwambia apake asali, kisha bila kupumua akaanza kumweleza ile taa, betri imekaa wapi na waya umepita wapi, akitembea kuzunguka meza na simu sikioni. Nilikuwa nafuta chai sakafuni. Nilimsikia kaka yangu upande wa pili akiuliza waya mwekundu unaenda wapi. Walizungumza muda mrefu. Sikuomba nipewe simu.